Kabla Deki ya Mwisho Haijafa

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na Muscat bado kuna boksi la mikanda ya VHS na kaseti ambalo hakuna mwenye moyo wa kulitupa, wala mwenye chombo cha kuichezesha. Ndani mna harusi za miaka ya 1980 na 1990, maulidi, mawaidha, taarabu iliyorekodiwa ukumbini na mtu aliyekaa karibu na spika, na kaseti za salamu zilizotumwa ng'ambo enzi ambazo simu ya nje ilikuwa anasa. Familia ikikaa kuzungumza, swali huwa moja: tutaihamishaje mikanda hii kuwa faili? Na jibu la mtaani ni jepesi: mpelekee fundi, urudi na flashi.

Jibu hilo linaruka swali zito zaidi, yaani ni hatua ipi ya kazi hii ikikosewa haina marekebisho. Ukiichambua kazi nzima ya kuokoa video na sauti za zamani, utakuta mambo mawili tu hayarudiwi: usomaji wa utepe wenyewe, na ushuhuda wa wanaowajua waliomo. Mengine yote, kuanzia aina ya faili hadi kusafisha rangi, yanaweza kufanywa upya mwakani au mwaka wa kesho kutwa. Fedha na uangalifu vinapaswa kufuata mgawanyo huo, lakini kwa kawaida huenda kinyume chake.

Kilichomo majumbani

Kaseti ya sauti ilizinduliwa na Philips mwaka 1963, na VHS ikatolewa na JVC ya Japani mwaka 1976. Zilitufikia wakati vyombo rasmi vya kurekodi vilikuwa vya kuhesabu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo picha nyingi za maisha ya kawaida ya Bara katika miaka ya 1980, jinsi watu walivyovaa, walivyocheza, walivyopamba sebule na walivyosalimiana, hazikupita studio yoyote. Zilipita kwenye kamera ya mpiga video wa mtaani na kuishia kabatini kwa bwana harusi.

Kwa upande wa sauti mambo yanafanana. Kanda kubwa za Radio Tanzania Dar es Salaam zina mwenyewe, na santuri za taarabu zilizotoka Mombasa kwa lebo kama Mzuri zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Lakini santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande. Taarabu ya harusini, ambapo mwimbaji anaurefusha wimbo kadiri watu wanavyokuja kumtunza, anatupa kijembe kwa aliyekusudiwa na ukumbi unapokea kwa vigelegele, haikuwahi kuenea kwenye santuri. Ilienea kwenye kaseti, kutoka mkono hadi mkono. Ndivyo ilivyo pia kwa mawaidha ya masheikh ambao hawakuandika kitabu, na kwa filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, ambazo zilitoka kwa VHS na kuonyeshwa kwenye vibanda vya video. Hakuna ghala la taifa lenye nakala ya haya yote, na hapo ndipo boksi la chini ya kitanda linapopata uzito.

Kinachokufa kwanza ni mashine

Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za sumaku zinazoshikwa na gundi maalumu. Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewani na kuvunjika polepole, hadi utepe uanze kunata na kuacha uchafu kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachousoma. Pwani adui wa karibu zaidi ni kuvu. Inua mkanda wa VHS kwenye mwanga, tazama kidirishani: ukiona unga mweupe au nyuzi nyeupe pembezoni mwa utepe uliozungushwa, usiuingize kwenye deki hata kwa kujaribu. Kuvu huhamia kwenye hedi, na kutoka hapo kwenda kwenye mkanda wa jirani yako utakaofuata.

Hata hivyo, mikanda mingi iliyokaa mahali pakavu bado inasomeka baada ya miaka 30 na zaidi. Taasisi za hifadhi zilipoanza kutaja mwaka 2025 kuwa ukomo, hazikumaanisha kwamba kanda zote zingekata roho usiku mmoja. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo hilo mwaka 2015, na UNESCO ikishirikiana na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ikalirudia katika mradi wa tahadhari ulioanza 2019. Hoja yao ilikuwa kwamba mashine, vipuri na mafundi vingeadimika kabla ya kanda zenyewe kwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016 ikilalamikia ugumu wa kupata vipuri. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa bado inauza deki zipatazo 750,000. Tangu hapo kila deki duniani ni mtumba, na kila saa inayotumika inapunguza umri wa hedi zake. Mipira ya ndani inakakamaa, rola zinakuwa laini na kuteleza, grisi inaganda.

Redio kaseti mpya bado zinauzwa, lakini nyingi zimeundwa kwa mtambo hafifu ambao kasi yake inayumba. Deki ya kaseti ya zamani iliyofanyiwa matengenezo huzishinda kwa mbali. Fundi anayejua kuitengeneza, naye, mara nyingi ni mtu mzima aliyejifunza kazi hiyo miaka ya 1980. Vijana wake wanafungua simu.

Dalili zinazodanganya

Mikanda mingi hutupwa kwa sababu imepimwa kwenye mashine isiyoifaa. Tanzania, Kenya, Uganda na Oman zilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde. Kongo na Burundi zilifuata SECAM, mfumo wa Wafaransa. Marekani na Kanada zilikuwa na NTSC, mistari 525 na takriban fremu 30. Familia zetu zimetawanyika katika nchi hizo zote, na mikanda imesafiri pamoja nazo. Ukiuweka mkanda wa SECAM kwenye deki ya PAL peke yake, picha hutoka nyeusi na nyeupe, na mwenyewe husema rangi zimekufa. Mkanda wa arusi kutoka Toronto ukiwekwa kwenye deki hiyohiyo, picha hupanda na kushuka bila kutulia, na mwenyewe husema umeharibika. Yote mawili hutibiwa na deki ya mifumo mingi, ya aina iliyouzwa sana nchi za Ghuba.

Vikaseti vidogo vya kamera navyo huchanganywa. VHS-C huingia kwenye ganda maalumu na kuchezwa na deki ya kawaida. Video8 na Hi8 zinaonekana kama ndugu zake, lakini hazina ganda la namna hiyo. Zinahitaji kamera au deki ya aina yake. MiniDV, iliyoingia sokoni mwaka 1995, ni kisa kingine kabisa, kwa kuwa tayari ni dijitali. Ikichezwa kupitia kebo ya njano kama VHS, picha hugeuzwa kuwa analogi kisha kurudishwa dijitali, na kila mgeuzo hula kitu. Njia yake sahihi ni kebo ya FireWire, ambayo hunakili data kama ilivyoandikwa. Kompyuta za leo zimeacha tundu hilo, kwa hiyo mwenye MiniDV ana haraka kuliko anavyodhani: utepe wake ni mchanga, lakini daraja la kuuvusha linaondolewa.

Pale hedi inapokutana na utepe

Chukua kaseti ya dakika 90 yenye taarabu ya harusini. Kabla ya kubonyeza chochote, tazama nyuma ya utepe, katikati ya uwazi: pana kijisponji kidogo au kipande cha sufi kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake huachia kwa umri. Kikiwa kimedondoka, sauti itakuja na kupotea, na dawa ni kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Utepe ukiwa umekatika, uungwe kwa tepu maalumu ya kuungia. Selotepu ya dukani huvuja gundi na kunatisha mizunguko ya jirani.

Sasa icheze. Ganuni inasikika kama ipo chumba cha pili, fidla hazina ncha, na kila herufi "s" ya mwimbaji imefutika. Wengi wangesema kaseti imechoka. Lakini pembeni mwa hedi ya kuchezea pana skrubu ndogo inayopanga mwinamo wa hedi dhidi ya utepe. Mashine iliyorekodi kaseti hii ilikuwa na mwinamo wake, na yako ina wa kwake. Weka sauti katika chaneli moja, vaa hedifoni, zungusha skrubu kidogo sana huku ukisikiliza zile "s" tu. Pahala fulani ndani ya robo mzunguko, ganuni inarudi. Ukiipita, inazama tena. Rekodi hapo penye mwanga, kisha fanya vivyo hivyo kwa kila kaseti, kwa kuwa kila moja imezaliwa kwenye redio yake.

Linganisha kasoro hiyo na nyingine ya kawaida. Kaseti nyingi zilirekodiwa kwa betri zilizolegea, redio ikazunguka chini ya kasi yake ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Leo zikichezwa kwa kasi kamili, mzee mwenye sauti nzito anasikika kama kijana. Kasoro hii inarekebishwa kwenye kompyuta, wakati wowote, mara nyingi upendavyo. Mwinamo wa hedi hauna rehema hiyo. Sauti za juu ambazo hedi haikuzisoma hazimo kwenye faili, na hakuna programu itakayozitoa mahali zisipokuwepo, programu itabuni.

Kwenye VHS mpaka ni uleule. Utepe uliovutika au kusinyaa huifanya mistari ya picha ianze kwa nyakati zisizolingana. Televisheni za zamani zilivumilia mayumbo hayo, lakini adapta za bei nafuu za USB haziwezi: hudondosha fremu, na taratibu midomo ya watu inaachana na sauti zao. Kinachohitajika ni kirekebishi cha muda, chombo kinachoishika mistari na kuiachia kwa mpigo ulio sawa. Baadhi ya deki za S-VHS zinacho ndani, na baadhi ya mashine za kurekodi DVD zikipitishiwa ishara hutuliza picha kwa kiasi cha kutosha. Hilo halifanyiki baadaye. Rangi iliyopauka, kwa upande mwingine, inaweza kungoja.

Makosa mawili ya maduka yetu yanastahili kutajwa waziwazi. La kwanza ni kuitanua picha ya uwiano wa 4 kwa 3 ijaze skrini pana, watu wote wakawa wafupi na wanene. Linaudhi, ila linarekebishika. La pili halionekani haraka: PAL hubeba nusu-picha 50 kila sekunde, na programu nyingi huzichanganya kuwa picha 25 na kutupa nusu ya mwendo. Kwenye hotuba hutaona tofauti. Kwenye ngoma, mahali ambapo bega na nyonga ndiyo habari yenyewe, utaiona.

Kwa wenye kompyuta na uthubutu, ipo programu huria iitwayo vhs-decode. Kwa kuunganishwa ndani ya deki, hunasa ishara ghafi inayotoka kwenye hedi na kuacha kazi ya kuitafsiri kuwa picha kwa kompyuta. Faida yake ni kwamba tafsiri inaweza kurudiwa kila programu inapoboreshwa, bila kuugusa tena utepe.

Faili kubwa ni rahisi kuliko mkanda wa pili

Fundi wa mtaani hutoa MP4 ndogo kwa sababu mteja anataka itoshe kwenye flashi. Kama nakala ya kutazamia, haina ubaya. Kama nakala pekee, ni hasara, hasa kwa sababu chenga za VHS humaliza nafasi ambayo ingetunza sura za watu.

Hesabu yenyewe haitishi. Video ya PAL isiyobanwa kabisa hula takriban gigabaiti 75 kwa saa. Ikibanwa kwa FFV1, mbinu isiyopoteza chochote na ambayo ilichapishwa kuwa kiwango cha wazi mwaka 2021, hushuka hadi karibu gigabaiti 30. MiniDV hula 13. Sauti ya WAV ya biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, kama IASA inavyopendekeza, ni gigabaiti 2 tu kwa saa. Mikanda 20 ya saa tatu tatu inatimiza saa 60, yaani chini ya terabaiti 2, ambazo zinaingia kwenye diski moja ya nje. Kinachouma ni zile saa 60 zenyewe, kwani mkanda hauharakishwi. Anayeahidi kumaliza boksi zima kesho ama ana deki nyingi, ama hatazami anachorekodi.

Baada ya hapo ni nidhamu ya kawaida: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine au nchi nyingine. Flashi si ghala. DVD zilizochomwa nyumbani miaka ya 2000 nazo si ghala. Tabaka lao la rangi hufifia, na aliyedhani alishamaliza kazi mwaka 2005 azikague leo. WhatsApp inafaa kugawia ndugu, lakini kwa kawaida huibana video inayotumwa. Programu za akili mnemba zinazong'arisha sura zisiguse nakala mama hata kidogo, kwa kuwa pale penye ukungu huchora jicho na meno ya mtu asiyekuwepo.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo unazihusu kaseti hizi kuliko mali nyingine yoyote. Boksi la kawaida lina mikanda sita yenye neno "Harusi" kwa kalamu ya wino. Harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani, yule anayelia kando ya mlango ni nani kwa bibi arusi? Mtu mwenye umri wa miaka 75 anajibu bila kufikiri. Akiondoka, video ya ubora wa juu kabisa itakuwa picha za wageni wasiojulikana waliovaa vizuri.

Njia rahisi ni kumketisha mzee mbele ya picha, kuwasha kinasa sauti cha simu, na kumwacha azungumze huku mkanda ukienda. Usimhoji sana, mwulize tu, "Huyu nani, bibi?" Atataja majina, atataja nani alimkasirikia nani, atakumbuka kitambaa kilinunuliwa wapi. Faili hilo la sauti liwekwe pamoja na video, na jina la faili libebe mwaka, mahali na tukio. Gharama yake ni kikombe cha chai na alasiri moja, na hakuna diski wala mashine inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya mzee.

Wazee haohao ndio wanaopaswa kuulizwa kama mkanda uhamishwe. Pwani, shughuli za wanawake harusini hurekodiwa kwa masharti: wanawake peke yao, vichwa wazi, wakicheza kwa uhuru wasiokuwa nao mbele ya wanaume. Kuupeleka mkanda huo kwa fundi wa kiume, ambaye ni lazima autazame ili aurekodi vizuri, ni kuvunja ahadi iliyowafanya wakubali kamera. Hii ni sababu ya kweli ya mikanda mingi kubaki kabatini, na wanaohimiza uhifadhi huipita kimya. Suluhisho lipo: deki iazimwe iende nyumbani, binti au mkwe wa familia afanye kazi hiyo, na nakala zisipandishwe mtandaoni. Na akiwepo anayetaka mkanda wake uchomwe, ana haki ya kusikilizwa.

Sauti za wasanii zina ulinzi wa namna nyingine. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuokoa kaseti ya taarabu ni jambo moja. Kuiweka mtandaoni na kuvuna matangazo ni jingine, na familia za waimbaji wengi bado zipo mtaa wa pili.

Nani aanze, na mkanda upi

Kila familia kununua deki yake si busara, kwa kuwa deki njema hazitoshi. Ukoo, msikiti, kanisa, chama cha wahamiaji kule ughaibuni au maktaba ya wilaya inaweza kumiliki deki mbili zilizofanyiwa matengenezo, kirekebishi cha muda na diski chache, ikazikodisha kwa zamu pamoja na mtu mmoja aliyefundishwa. Fundi mzee wa deki alipwe kwa kufundisha kabla hajalipwa kwa kutengeneza. Maduka yanaweza kubaki na kazi yao, mradi mteja ajue cha kudai: mfumo sahihi, nusu-picha zote 50, faili lisilobanwa kwa hasara, na mkanda wake urudishwe.

Bado fedha hazitatosha kwa boksi zima, na itabidi kuchagua. Wengi huanza na mkanda uliochakaa zaidi kwa hofu kwamba hautafika mwakani. Mara nyingi huo ndio wa kungoja: wenye kuvu au unaonata unahitaji mtaalamu kwa vyovyote, na ukiwekwa wima mahali pakavu, hali yake haitabadilika sana kwa mwaka mmoja. Kwanza utoke mkanda ambao haupo kwa mtu mwingine yeyote, na kati ya hiyo, ule ambao anayeweza kuwataja waliomo ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wote.